Tazama Kifua cha Tai

Berlin, Novemba

Ndugu yangu Hamisi,

Salamu sana, swahiba. Huku baridi imeanza kuuma lakini afya tunayo, na ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote. Unauliza yule ndege aliye kwenye pesa ya Mjerumani uliyoachiwa na babu ni ndege gani, na mbona anafanana na yule wa kwenye jezi ya timu ya taifa ya Ujerumani. Nimeona nikujibu kwa barua, maana habari zake ni ndefu, nami ndege huyu amenikaa moyoni tangu nilipohamia mji huu.

Huyo ni tai, na wa kwenye pesa na wa kwenye jezi ni wa ukoo mmoja. Nakuomba jambo moja tu kabla hatujaenda mbali: ukimtazama, usihangaike na mdomo wala makucha. Tazama kifua. Kwa karibu miaka 400, kila aliyemmiliki tai huyu aliweka alama yake kifuani, na habari za wafalme wa Prussia, ufalme wa zamani wa Kijerumani uliotawaliwa kutoka Berlin, kwa kiasi kikubwa, unaweza kuzisoma hapo hapo.

Ukoo wa wafalme hao unaitwa Hohenzollern. Asili yao ni kusini, vilima vya Swabia, na nembo ya ukoo wao haikuwa na ndege wala mnyama: ngao iliyogawanywa robo nne, nyeupe na nyeusi kwa kupishana, basi. Shika rangi hizo mbili, nitazirudia. Mwaka 1415 Friedrich wa ukoo huo, aliyekuwa akiishika ngome ya Nürnberg, alipewa nchi ya Brandenburg, nayo Brandenburg ilikuja na tai wake mwekundu. Huyo yupo hadi leo. Ndiye nembo ya jimbo linaloizunguka Berlin. Tai mweusi alitoka kwingine kabisa.

Prussia ya asili haimo ndani ya Ujerumani ya sasa. Ni nchi ya kando ya bahari ya Baltiki, na ilitawaliwa na shirika la watawa wanajeshi wa Kijerumani: watu walioweka nadhiri za kitawa huku wamevaa deraya, na juu ya deraya joho jeupe lenye msalaba mweusi. Mkuu wao alikuwa na tai mdogo mweusi katikati ya msalaba wa ngao yake, tai wa kaisari wa dola la Kijerumani la zama hizo. Mwaka 1511 walimchagua Albrecht wa ukoo wa Hohenzollern kuwa mkuu. Mama yake Albrecht alikuwa dada yake Sigismund wa Kwanza, mfalme wa Poland, kwa hiyo mfalme alikuwa mjomba wake hasa. Udugu huo haukuwazuia kupigana. Vita vilianza 1519, Albrecht akaelemewa, na 1521 wakakubaliana kusimamisha mapigano kwa miaka minne. Katika muda huo alikwenda Wittenberg kuonana na Martin Luther, mwanzilishi wa Uprotestanti, naye akamshauri avue joho la utawa, aoe, na aigeuze nchi kuwa utemi wa kurithishana baba na mwana. Albrecht akakubali.

Tarehe 10 Aprili 1525, kwenye uwanja wa soko wa Kraków, Albrecht alipiga magoti mbele ya mjomba wake akapokea bendera nyeupe yenye tai mweusi. Kifuani mwa tai iliandikwa herufi S, ya Sigismund. Na taji lilikuwapo, ila lilikuwa shingoni.

Hapo usipite haraka, Hamisi. Ndege amevishwa taji shingoni, si kichwani. Kila aliyeiona bendera ile sokoni, hata asiyejua kusoma, alielewa kwamba mtemi huyu ana heshima yake lakini ana mwenyewe. Mimi hupenda sana zama zile ambapo watu walikubaliana mambo mazito ya utawala kwa kuhamisha taji kutoka sehemu moja ya mwili wa ndege kwenda nyingine, na umati mzima ukaelewa bila kusomewa mkataba.

Kizazi cha Albrecht kilikatika upande wa kiume mwaka 1618, utemi ukaenda kwa jamaa zao wa Brandenburg. Mwaka 1657, kwa mapatano ya Wehlau, mfalme wa Poland aliachia haki yake juu ya utemi huo. Kuanzia hapo watawala wa Berlin walikuwa na nchi isiyo na bwana juu yake, na mmoja wao, Friedrich, akaona hiyo ndiyo ngazi ya kupandia ufalme.

Friedrich aliumia kuwaona wenzake wanampita. Mtemi wa Saxony alikuwa amechaguliwa mfalme wa Poland mwaka 1697. Yeye bado mtemi. Kujiita mfalme wa Brandenburg asingeweza, kwa sababu Brandenburg ilikuwa ndani ya Dola Takatifu la Kiroma, yaani muungano wa nchi za Kijerumani chini ya kaisari wa Vienna. Prussia ilikuwa nje ya mipaka ya dola hilo. Hata hivyo alihitaji kaisari amtambue, na Kaisari Leopold alikubali Novemba 1700, baada ya Friedrich kuahidi askari 8,000 kwa ajili ya vita vilivyokuwa vikinukia juu ya kiti cha Hispania. Kwa hiyo taji lilikuwa na bei yake, na bei ilikuwa watu.

Tarehe 18 Januari 1701, katika kasri la Königsberg, mji ambao leo unaitwa Kaliningrad na uko Urusi, Friedrich alijivika taji kwa mikono yake mwenyewe, kisha akamvika mkewe Sophie Charlotte. Ndipo wakaenda kanisani kupakwa mafuta. Taji kwanza, maaskofu baadaye, ili asitokee mtu wa kudai kwamba ndiye aliyempa ufalme.

Tai naye akapandishwa cheo. Kifuani zikakaa herufi FR za dhahabu, yaani *Fridericus Rex*, Mfalme Friedrich. Taji likatoka shingoni likapanda kichwani. Mguu mmoja ukashika fimbo ya enzi, wa pili tufe la dhahabu lenye msalaba juu yake. Ukipata mchoro mzuri, angalia mabawa: kila bawa lina utepe wa dhahabu unaofuata mkunjo wa mfupa na kuishia kwa jani lenye sehemu tatu. Wengi hudhani ni pambo la mchoraji. La, hiyo ni alama ya zamani sana ya matai wa nembo za Kijerumani, na yule mwekundu wa Brandenburg anayo pia.

Siku moja kabla ya kujivika taji, Friedrich alianzisha Nishani ya Tai Mweusi, kubwa kuliko zote katika ufalme wake, yenye maneno ya Kilatini *Suum cuique*: kila mtu apewe kilicho haki yake. Ni maneno mazuri, ya sheria ya Kirumi. Ila siwezi kuyaandika bila kukuambia kwamba maneno hayo hayo kwa Kijerumani, *Jedem das Seine*, Wanazi waliyaweka kwenye geti la kambi ya Buchenwald, yakiwa yametazama ndani ili wafungwa wayasome. Sipendi kuzungumzia uzuri wa nembo hizi huku nikiacha geti lile.

Hapa Berlin tai huyo yupo juu ya Lango la Brandenburg. Napoleon aliliteka lile gari la farasi wanne lililo juu ya lango mwaka 1806 akalipeleka Paris. Liliporudi 1814, msanifu Schinkel aliiongezea fimbo ya mungu wa kike anayeliendesha shada la majani ya mwaloni lenye Msalaba wa Chuma, nishani ya vita ya Prussia, ndani, na juu ya shada akamweka tai wa Prussia mwenye taji. Serikali ya Ujerumani Mashariki iliwaondoa tai na msalaba katika miaka ya 1950, kwa kuwa iliwahesabu kuwa alama za vita, nao wakarudishwa 1991. Siku hizi mtu hupiga picha pale asijue kuwa juu ya kichwa chake kuna ndege aliyefukuzwa akarudi.

Prussia ilivyozidi kumeza nchi, nembo nayo ilizidi kunenepa. Nembo kubwa ya mwaka 1873 ina vyumba zaidi ya 40. Nilipoitazama kwa mara ya kwanza niliona vurugu tu: simba, majoka ya mabawa, misalaba, farasi, matai wa kila rangi. Baadaye nikaelewa kuisoma kama hati ya kiwanja. Kila chumba ni nchi, na kila nchi ina namna ilivyopatikana: kwa ndoa, kwa urithi au kwa vita. Silesia imo, tai mweusi mwenye mwezi mwandamo kifuani, nchi aliyoinyakua Friedrich wa Pili kutoka Austria kuanzia 1740. Hannover imo, ambayo mfalme wake kipofu, Georg wa Tano, alifukuzwa 1866 na nchi yake ikafanywa mkoa. Nembo za waliofukuzwa zikashonwa ndani ya nembo ya aliyewafukuza! Ngao hiyo imeshikwa na wanaume wawili wa mwituni, wamejifunga majani kichwani na kiunoni, kila mmoja na bendera: mmoja ana tai mweusi wa Prussia, mwenzake tai mwekundu wa Brandenburg. Kuna pia maneno *Gott mit uns*, Mungu yu pamoja nasi, yale yale waliyovaa askari kwenye bamba la mkanda.

Sasa tufike kwenye sarafu yako. Tarehe 18 Januari 1871, siku iliyochaguliwa makusudi kwa kuwa ndiyo ya Königsberg, Wilhelm wa Kwanza wa Prussia alitangazwa kaisari wa Wajerumani huko Versailles, nchini Ufaransa. Dola jipya likachukua tai wa makaisari wa zamani, sasa mwenye kichwa kimoja. Na kifuani? Aliwekewa ngao yenye tai wa Prussia, na kifuani mwa tai huyo wa Prussia ngao nyingine ndogo, ile ya robo nne, nyeupe na nyeusi. Yaani dola limebeba ufalme, na ufalme umebeba ukoo. Sijapata kuona mchoro mwingine unaosema wazi hivyo kwamba nchi nzima ina wenyewe.

Huyo ndiye aliyefika pwani yetu. Pesa ya shaba ya 1890 ilitolewa na kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Upande mmoja tai wa dola na jina la kampuni kwa Kijerumani, upande wa pili maandishi ya Kiarabu na mwaka wa Hijria 1307, ili mfanyabiashara wa Pangani au Bagamoyo asiikatae. Pesa 64 zilifanya rupia moja. Chukua lenzi uangalie ngao iliyo kifuani. Halafu angalia taji linaloelea juu ya kichwa: ni taji la kaisari, na taji hilo halikuwahi kutengenezwa. Ulikuwapo mchoro, na mfano wa mbao. Babu zetu walidaiwa kodi ya kibanda na serikali iliyotembea na taji ambalo hakuna kichwa kilichowahi kulivaa, na walioshindwa kulipa walipelekwa kufanya kazi ya lazima. Hilo linanitia uchungu kila nikiishika sarafu hizo.

Novemba 1918 ufalme ukaanguka, Wilhelm wa Pili akakimbilia Uholanzi, akafia huko 1941. Mwaka uliofuata anguko hilo, tarehe 11 Novemba 1919, Rais Friedrich Ebert alitangaza nembo ya jamhuri: tai mweusi mwenye kichwa kimoja, mdomo, ulimi na makucha mekundu. Hakuwekewa taji, fimbo wala tufe. Kifua kikaachwa kitupu. Mimi naona huo ndio uamuzi mkubwa kuliko yote katika historia ya ndege huyu, na ulifanywa kwa kufuta tu. Wanazi walimkamatisha shada lenye alama yao miguuni. Vita vilipokwisha, Prussia yenyewe ilifutwa kwa sheria ya mataifa washindi tarehe 25 Februari 1947, na Januari 1950 Rais Theodor Heuss akamrudisha tai wa Ebert kwa maneno yale yale ya 1919. Yupo kwenye euro moja na euro mbili ninazonunulia mkate.

Na jezi? Timu ya Ujerumani ilivaa nyeupe yenye tai kifuani tangu mechi yake ya kwanza ya kimataifa, Basel 1908, walipofungwa na Uswisi 5–3. Jezi nyeupe na bukta nyeusi ni rangi za Prussia, na Prussia ilizipata kwa wale watawa wa msalaba mweusi na kwa Hohenzollern wa robo nne. Ukoo haupo madarakani tena, ila rangi zake bado ziko uwanjani.

Mwakani nikijaliwa nitakwenda Swabia kwenye ngome yao. Huko kuna taji la kifalme la Prussia alilotengenezewa Wilhelm wa Pili mwaka 1889; hilo ni la kweli, la dhahabu na almasi. Nitakutumia picha. Nawe usiisugue hiyo pesa kwa majivu wala ndimu, itaharibika. Ifunge kwenye karatasi kavu. Nisalimie shemeji na watoto, na mama mwambie namkumbuka.

Wako,
Idi