Baba mkwe hataki daktari wa mifugo aingie bomani: nifanyeje?

Ndugu Mhariri, na wasomaji wenzangu mnaofuga,

Nawasalimu kutoka Nandi. Mume wangu anafanya kazi Mombasa, huku nyumbani nimebaki na watoto, baba mkwe na ng'ombe wa maziwa. Ng'ombe ni wa mzee, kukama ni kwangu, na mwaka huu wote karo ya shule imetoka kwenye maziwa tunayopeleka ushirika.

Wiki hii mtamba mmoja ameanza kutokwa na mate mengi yanayoning'inia mpaka chini. Nilipomfungua kinywa nikaona malengelenge kwenye ulimi, mengine yamepasuka na ngozi imebanduka. Katikati ya kwato za mbele kuna kidonda. Majani hataki, anasimama akiinua mguu huu, mara ule. Ng'ombe anayelala jirani naye amepunguza maziwa ghafla. Hakuna aliyepima, lakini mfugaji yeyote akiona haya ataufikiria ugonjwa wa miguu na midomo kwanza. Baba mkwe ameufikiria kabla yangu. Amemsugua mtamba ulimi kwa magadi, akampaka asali, kisha akaniambia kwa upole lakini bila mzaha: daktari wa mifugo asiitwe, chifu asiambiwe, na wa ushirika wakiuliza maziwa yameenda wapi, niseme majani yameadimika.

Najua Sheria ya Magonjwa ya Wanyama, Sura ya 364, inamtaka mwenye mnyama mgonjwa amtenge na kutoa taarifa. Mzee naye anaijua. Naomba msikimbilie kusema ni mkaidi au hakusoma, kwa sababu hofu yake ina historia, na mkiisikia mtaelewa kwa nini nimeshindwa kumjibu.

Baba yake alikuwa kijana mwaka 1921, serikali ya kikoloni ilipoifunga kwa karantini hifadhi yote ya Wanandi, yaani eneo walilotengewa kuishi, kwa sababu ya sotoka, ugonjwa uliokuwa ukiua ng'ombe kwa wingi. Hakuna ng'ombe aliyeruhusiwa kuuzwa nje ya hifadhi hadi 1923. Mali ya watu hawa ilikuwa ng'ombe, hawakuwa na benki wala kahawa. Mwanamume akidaiwa kodi alichagua dume, akauza, akalipa. Sasa soko likafungwa, na kodi haikufungwa. Wakusanyaji waliendelea kuja na kudai pesa taslimu kwa watu waliokatazwa kuuza kitu pekee walichokuwa nacho cha kuuza. Aliyekosa alibaki na njia ya kwenda kumfanyia kazi mlowezi, na wengine waliwafanyia kazi walowezi juu ya ardhi iliyokuwa ya Wanandi, maana kipande kingine kilikuwa kimetwaliwa karibu na 1920 kupewa askari Wazungu waliotoka Vita vya Kwanza vya Dunia.

Mwaka huohuo wa 1923 wazee walikuwa wanaandaa saget ab eito, sherehe ya rika moja kulikabidhi jingine uongozi, iliyokuwa ikichinjiwa dume mweupe. Serikali ikaona ni njama ya uasi, ikaipiga marufuku. Mwezi wa Oktoba ikamkamata orkoiyot, yaani kiongozi wa kiroho wa Wanandi, Barsirian arap Manyei, mwana wa Koitalel arap Samoei aliyeuawa na Waingereza mwaka 1905. Barsirian hakuachiliwa hadi 1964, nchi ikiwa tayari huru. Baba mkwe alikuwa kijana mkubwa wakati huo, na anasimulia jinsi wazee walivyolizungumza jambo lile jioni baada ya jioni. Kwa hiyo sisi tukisema karantini tunafikiria soko kufungwa majuma machache. Yeye anaanza na ng'ombe, anapita kwenye kodi, anafika kwa mtu aliyefungwa miaka arobaini hivi.

Sindano nazo haziamini. Alisikia kwa baba yake habari za chanjo ya zamani ya sotoka, ambapo ng'ombe alidungwa damu yenye ugonjwa pamoja na seramu ya kumkinga. Nimesoma kwamba ndivyo ilivyofanywa kweli, na kwamba wengine walikufa kwa chanjo yenyewe. Utotoni mwake aliona kwa macho yake chanjo ya homa ya mapafu ikidungwa kwenye ncha ya mkia. Mikia ikavimba, mingine ikakatika. Anakumbuka hata rangi ya ng'ombe wa kwao aliyebaki na kigutu, akishindwa kujipunga nzi.

Mimi nimejaribu kumwonyesha upande wa pili. Sotoka haikuwa uongo wa Mzungu. Ilipoingia Afrika Mashariki karibu na 1890 ilifyeka mifugo ya Wamaasai na majirani zao, watu wakafa njaa. Tena iliyokuja kuimaliza ni chanjo, na iliyofanya kazi kubwa kuliko zote ilitengenezwa hapahapa Kenya, kwenye maabara ya Muguga karibu na Nairobi, na mtafiti Walter Plowright na wenzake, karibu na 1960. Haikuhitaji tena kumdunga mnyama damu ya mgonjwa. Mwaka 2001 sotoka ilionekana kwa mara ya mwisho, kwa nyati wa Mbuga ya Meru, na mwaka 2011 ulimwengu ukatangazwa hauna sotoka tena. Nikamwambia baba, ugonjwa uliowafungia wazee wenu soko leo haupo popote duniani, na daktari wa mifugo ana sehemu yake katika hilo.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mama Kip, mimi sibishani kuhusu ugonjwa. Ugonjwa ulituua ng'ombe. Lakini ugonjwa haukutudai kodi."

Sikuwa na jibu, na kusema kweli naona ana haki. Kuzuia ng'ombe wasitembee wakati wa mlipuko ni jambo la maana, hata mimi ningelifanya. Kosa la wakoloni lilikuwa kumwachia mfugaji mzigo wote wa kinga, huku wakihangaikia zaidi ng'ombe wa gredi (wa kizungu) wa walowezi, na bila kumsamehe hata senti. Kinachoniuma ni kwamba sehemu ya tabia hiyo bado naiona. Mara ya mwisho soko letu la mifugo lilipofungwa, amri ilifika upesi kuliko chanjo. Hakuna aliyetuambia litafunguliwa lini. Wakaja madalali usiku, wakanunua kwa bei ya kutupa, wakapitisha ng'ombe njia za panya. Karantini ya namna hiyo inamfilisi maskini na ugonjwa unatembea vilevile.

Lakini pia siwezi kunyamaza. Boma letu na maboma ya jirani hunywesha mtoni mahali pamoja. Jirani yangu mmoja ni mjane mwenye ng'ombe mmoja tu, na ndama wake bado ananyonya. Ng'ombe mkubwa hupona ugonjwa huu mara nyingi, ingawa maziwa hayarudi kama zamani. Ndama mchanga anaweza kuanguka na kufa ghafla, moyo umeshambuliwa. Nimemfungia mtamba peke yake, naosha mikono na ndoo kabla ya kumgusa mwingine, na nimempa mzee sababu ya kunyweshea nyumbani. Hayo ndiyo niliyoweza bila kumvunjia heshima.

Ninaomba ushauri wenu hapa. Nikimpigia daktari wa mifugo simu kimya kimya, nitakuwa nimemwasi baba mkwe katika mali yake mwenyewe, na soko likifungwa kijiji kizima kitasema ni mimi niliyelifunga. Mume wangu anasema nimngoje aje. Je, kwa mila zetu, ni sawa niwaendee wazee wa rika lake wazungumze naye kabla mimi sijafanya lolote? Ama mke wa mwana hapaswi kutoa neno la boma nje?

Na ninyi mliowahi kutoa taarifa ya ugonjwa huu: mlifanyiwa nini? Je, kuna mahali walikubali kuzuia maboma machache yaliyougua na kuchanja yanayoyazunguka, badala ya kufunga soko la eneo zima? Ushirika wenu uliendelea kupokea maziwa ya maboma mazima? Kama tukienda kwa chifu kundi zima la wafugaji, tukataka tuambiwe kwa maandishi siku ya kuanza, siku ya kuangalia upya na siku chanjo itakapofika, kuna aliyefaulu hivyo? Nikiwa na mfano mmoja wa kweli wa karantini iliyokuja na chanjo na ikaisha siku iliyosemwa, nitakuwa na la kumwambia mzee. Anaheshimu mfano kuliko hoja.

Nijibuni mapema tafadhali, maana ng'ombe wa pili leo asubuhi ameanza kutokwa na mate.

Mama Kip,
Nandi