Heri ya Krismasi, na habari za bibi wa senti 31

Akina mama wenzangu wa kikundi, salaam nyingi. Heri ya Krismasi na Mwaka Mpya kwenu nyote, mnaosafiri na mnaobaki.

Jumamosi tulipovunja mzunguko wetu wa akiba, kufuli zote tatu za sanduku zikafunguka na kila mmoja akapewa chake. Bibi yetu, mkubwa kuliko sisi sote, alihesabu noti zake mara mbili, akazifunga kwenye pindo la kanga kwa fundo dogo gumu. Lile fundo lilinikumbusha bibi mwingine aliyefariki mwezi huu huu, tarehe 15 Desemba 1934, akiwa na miaka 70: Maggie Lena Walker wa Richmond, Virginia, kule Marekani.

Mama yake alikuwa mfua nguo, na Maggie mwenyewe alisema alizaliwa na kapu la nguo kichwani. Akiwa binti alijiunga na St. Luke, chama cha Weusi cha kuuguzana na kuzikana. Mwaka 1899 akakabidhiwa ukatibu mkuu, chama kina dola 31 na ushee, na deni la dola 400. Wengi wangerudisha daftari siku ile ile. Yeye mwaka 1903, katikati ya sheria za ubaguzi, alifungua benki, akawa mwanamke Mweusi wa kwanza nchini humo kufanya hivyo. Siku ya ufunguzi kuna mtu alifungua akaunti kwa senti 31. Nazipenda sana zile senti 31! Hakuna aliyemwambia arudi akishapata za maana.

Watoto nao aliwagawia vikasha vya kuwekea senti. Zikitimia dola moja, mtoto anakwenda benki kwa miguu yake. Kufikia 1920 benki ile ilikuwa imewawezesha watu kumiliki nyumba zaidi ya 600. Uzeeni miguu ilimkatalia, akawa wa kiti cha magurudumu, lakini kazi hakuiacha. Mdororo wa uchumi ulipofunga benki nyingi, yake, baada ya kuungana na nyingine mbili, ilibaki imesimama.

Basi ndugu zangu, nunueni mchele, kuku na nguo za watoto. Mmevitolea jasho mwaka mzima, na mimi nitakula pilau bila kinyongo. Nawaomba jambo moja tu: mtoto akipewa hela ya sikukuu na wajomba na shangazi, mnunulieni kibubu chake mwenyewe, atumbukize hata shilingi 200 kwa mkono wake, asikie inavyolia chini.

Na mkipita karibu na kwa bibi yetu wa kikundi, ingieni mumsalimie. Ndiye aliyetuanzishia kikundi hiki chini ya mwembe wake, na magoti siku hizi yanamsumbua. Hisa za mzunguko mpya ni Jumamosi ya kwanza ya Januari. Ya kwake ameshaitenga.