Kabla ya kutundika runinga kwenye veranda

Mhariri,

Tangu watu waanze kuhesabu siku za Kombe la Dunia la 2026, simu yangu haitulii. Mimi ni fundi wa stima hapa Migosi, Kisumu, na haipiti wiki bila mtu kuniita nimtundikie runinga kwenye veranda. Ombi hilo limefika hata nyumbani kwangu. Wanangu watatu walikuja pamoja, mkubwa akiwa msemaji wao, wakaniambia, "Baba, wewe huwawekea watu kila siku, mbona sisi hutuwekei?" Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jibu nililowapa, kwa sababu naona wengi wanatoa pesa nyingi kwa jambo ambalo hakuna aliyewafafanulia.

Mwaka juzi nilimtundikia mwalimu mmoja mstaafu runinga ya inchi 43 kwenye veranda yake. Ilikuwa ya kawaida, ya sebuleni. Muuzaji alimwambia mradi kuna mabati juu, haina neno. Mimi nami sikuuliza. Nilitoboa ukuta, nikakaza breketi, nikalipwa, nikaenda zangu. Miezi mitano haikuisha kabla hajaniita. Kioo kilikuwa kimeingia mawingu meusi pembeni na sauti ilikuwa inakatikakatika.

Niliifungua juu ya meza yake ya kulia. Ndani mlikuwa mmejaa sami, wale wadudu wadogo wa ziwani ambao kila mkazi wa Kisumu anawajua. Waliingia kwa yale matundu ya nyuma ya kutolea joto. Mabawa na miguu yao ilikuwa imeshikana na vumbi na unyevu, ikakauka juu ya bodi kama uji uliosahaulika sufuriani. Pini za tundu la waya wa king'amuzi zilikuwa zimeota kutu ya kijani. Harufu iliyotoka humo ilikuwa ya omena iliyonyeshewa. Mwalimu alisimama kando yangu, mikono nyuma, hakusema kitu. Nilimrudishia pesa yangu ya ufundi, lakini ya runinga sikuwa na uwezo wa kumrudishia. Duka lilimkatalia, likamwonyesha kijitabu cha waranti, ukurasa wa nyuma kabisa, palipoandikwa kwamba kifaa hicho ni cha kutumiwa ndani ya nyumba tu. Maneno hayo yamo katika waranti nyingi. Kwa nini hakuonyeshwa ukurasa huo siku ya kununua?

Sami hawaumi mtu. Huibuka ziwani kwa makundi kama moshi, na huwa wengi zaidi karibu na mwezi mwandamo, usiku ukiwa na giza. Kosa lao ni kupenda mwanga. Ukizima taa zote za veranda ili picha ionekane vizuri, runinga ndiyo inabaki taa yenyewe, na wote wanaijia. Na mechi nyingi za Kombe hili zinachezwa Marekani, Kanada na Mexico kwa saa zinazoangukia usiku wetu. Fainali ya Julai 19 inaanza saa nne usiku. Fikiria mwenyewe.

Kuna pia jua. Veranda nyingi za upande wetu zimeelekezwa ziwani, yaani magharibi, kwa sababu ya upepo na mandhari. Kuanzia saa tisa jua linaingia chini ya mabati na kupiga ukuta moja kwa moja. Mwangaza wa kioo hupimwa kwa niti; runinga ya sebuleni hutoa kama niti 250 hadi 400, na hapo haiwezi kushindana na jua. Zile zilizotengenezwa kwa ajili ya nje penye kivuli huanzia kama niti 700, huzibwa vumbi na maji na kuandikwa alama kama IP55, na bei yake inaweza kuwa mara kadhaa ya ile ya kawaida. Mwenye uwezo na anunue hiyo. Wateja wangu wengi hawana uwezo huo, na hakuna aibu katika hilo.

La radi sitalizungusha. Bonde la ziwa letu lina ngurumo nyingi sana, na masika radi inaweza kupiga alasiri baada ya alasiri. Kuzima kwa rimoti hakusaidii. Chomoa waya wa stima, kisha chomoa na ule wa dishi, kwa sababu nimeona runinga iliyochomolewa kwenye soketi ikaungua kwa nguvu iliyoingia kupitia waya wa dishi. Soketi ya nje iwe na kifuniko cha kuzuia maji, iwe na athi ya kweli, yaani waya wa kupeleka stima ardhini, na ipitie kikata-stima cha miliampea 30, kile kinachokata mara moja stima inapovuja. Mtoto aliyelowa mvua akishika breketi ya chuma iliyoshika stima, hakuna mechi yenye thamani hiyo.

Lakini kilichoamua la nyumbani kwangu hakikuwa sami wala radi. Kilikuwa kiti cha mama yangu.

Mama ana miaka 81, na veranda ndiyo dunia yake. Kiti chake kiko kona ya kushoto, penye upepo. Kutoka pale anawajua wapita njia wote kwa mwendo, na wanaotoka soko la Kibuye husimama kumsalimu, wamwambie nyanya zinauzwa ngapi na nani amejifungua. Watoto wangu humwita Dani, na mtaa mzima umeiga.

Agosti 10, 2025, siku Harambee Stars, timu yetu ya taifa, ilipocheza na Morocco katika CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, nilitoa runinga yetu nje nikaiweka juu ya stuli. Majirani walijaa hadi kwenye ngazi. Ryan Ogam alipofunga, sisi wa mbele tuliona nyuso zetu kwenye kioo kuliko tulivyoona bao, ila tulipiga kelele hivyohivyo, na sitaki kudanganya, ilikuwa furaha kubwa. Tulishinda 1-0 tukiwa na wachezaji kumi. Mechi ilipoisha ndipo nilipogundua kwamba kona ya kushoto imekaliwa na vijana wawili. Kiti cha Mama kilikuwa nyuma ya nyumba, karibu na tangi la maji, naye amekikalia akiangalia ukuta wa jirani. Dada yake alikuwa amekuja kumtembelea kutoka Ahero. Alipoona umati, akamsalimu kwa sauti ya juu, wakashindwa kusikizana, akageuka kushika matatu kabla giza halijaingia. Mama hakulalamika. Aliniuliza tu, "Wageni wako wameondoka?" Alisema "wako", si "wetu". Neno hilo nililala nalo.

Kwa hiyo wanangu niliwajibu hivi: hatutundiki kitu ukutani. Nilikwenda kwa mafundi wa jua kali Kibuye, wakanichomelea kigari cha vyuma chenye magurudumu manne na breki mbili. Runinga inakaa sebuleni, inatoka kwa mechi tuliyokubaliana, na inarudi ndani filimbi ya mwisho ikilia au tone la kwanza likianguka. Saa nne usiku ikipita sauti inashuka, kwa kuwa jirani yangu wa kulia huamka saa kumi kwenda kazini, na kanuni za 2009 kuhusu kelele za NEMA, mamlaka ya mazingira, zinamlinda yeye pia.

Wauza runinga wa mji wetu nawaomba jambo moja. Mteja akitamka neno veranda, mfungulieni ukurasa wa waranti kabla hajatoa pesa. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa haki ya kupata maelezo yanayomwezesha kufaidi anachokinunua. Mafundi wenzangu, tuulize kabla ya kutoboa. Nami sasa nikifika kwa mteja huomba kiti kwanza, nikae verandani saa ileile anayotaka kutazama, nione jua linapiga wapi, na nani hukaa pale siku isiyo na mechi. Wengine hunicheka. Wengine hughairi kabla sijafungua mkoba wa vyombo.

Wanangu wameshaandika orodha ya mechi na kuibandika mlangoni. Wamechora kwa chaki mahali pa kigari, upande wa kulia. Upande wa kushoto binti yangu amechora mraba na kuandika ndani yake "Dani", na kila mvua ikiifuta huichora upya.

Fundi wa stima,
Migosi, Kisumu