Kwenu vijana wa mwaloni mnaocheza mpira, msikubali kubadilishwa majina

Wanangu wa hapa Mwanza, wa mwalo wa Kirumba, wa stendi na wa Mlango Mmoja, marahaba kwa shikamoo zenu za kila asubuhi. Nimeamua kuandika maana mkishaingia uwanjani hamna anayenisikia. Mwenye simu awasomee wenzake.

Hapo mnapojifunika viroba usiku nimelala mimi miaka 3. Nilikuwa nabeba ndoo za dagaa kutoka kwenye mitumbwi alafu jioni nacheza pekupeku, na nilikuwa naelekea miaka 19 kocha wa timu moja aliponiona, akanipa chumba na sahani ya ubwabwa, na mtu aliyelala njaa siku mbili hakatai kitu. Akaniambia kuanzia leo unaitwa fulani, una miaka 15. Nikakubali. Nikacheza misimu 2 kwa jina la mtu mwingine, siku umri ulipogundulika timu ikaadhibiwa, kocha akanikana mbele ya watu, nikarudi kulala nje. Hilo nimeshalisamehe. Kinachoniuma mpaka leo ni mama yangu, alikuwa Sengerema ananitafuta, akavuka na kivuko akazunguka kwenye timu za mjini anauliza kama kuna kijana anaitwa hivi, wakamwambia hamna mtu huyo. Na kweli hakuwepo. Nilikuja kuambiwa habari hiyo na dada yangu wakati mama tumeshamzika.

Kwahiyo nikisikia kuna mtu anapitapita mwaloni anawaambia mkipunguza miaka mtaitwa kwenye timu za vijana, sipati usingizi. Tangu Kombe la Dunia la vijana wa chini ya miaka 17 la 2009 FIFA wanapiga kifundo cha mkono picha ya MRI, wanaangalia mfupa umeshaunga au bado, na hapo huwezi kumdanganya mtu kwa kunyoa ndevu. Mnakumbuka Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya chini ya miaka 17, walivyoenda Kombe la Afrika la vijana Gabon 2017? Nafasi ile ilikuwa ya Congo Brazzaville, wakaondolewa kwa sababu walishindwa kumpeleka mchezaji wao mmoja akapimwe umri. Mmoja tu, na wenzake wote wakabaki nyumbani, hata wale ambao miaka yao ilikuwa safi kabisa.

Najua mtaniambia babu, wenzetu walitoka hapahapa. Ni kweli, 2014 watoto wa mtaani wa Mwanza walienda Rio de Janeiro kwenye Kombe la Dunia la watoto wa mitaani wakawapiga Burundi 3-1 kwenye fainali, na mimi nililia siku ile. Mechi hiyo mnaisimulia mpaka usiku wa manane lakini sijasikia hata mmoja anasimulia kuhusu pasipoti, yani huwezi kupanda ndege ya Brazil bila pasipoti na pasipoti inataka cheti cha kuzaliwa.

Kuna mwingine nataka mmjue, mkimbiaji Lopez Lomong. Alizaliwa Sudan Kusini, akiwa na miaka 6 askari wakamteka, akatoroka na vijana wakubwa wakakimbia mpaka Kenya, akakaa kambi ya wakimbizi ya Kakuma miaka 10 bila baba wala mama. Alikuwa anakimbia sana pale kambini ila mbio hazikumtoa. Kilichomtoa ni insha ya maisha yake aliyoiandika kwa Kiswahili, Kiswahili hikihiki chetu, wenzake wakamsaidia kuitafsiri, na 2001 akapata familia Marekani. Walimpa kitanda na wakampeleka shule, akasoma huku anakimbia, na 2008 akabeba bendera ya Marekani kwenye Olimpiki ya Beijing. Kwao walikuwa wanajua ameshakufa, na bado alikuja kuonana na mama yake.

Sasa nyie mnaotoroka shule ya jioni kwa sababu kuna mechi, someni hapo tena. Na mnaotoroka kwenye vituo vya kulelea watoto kwa sababu eti wanafunga geti saa 2 usiku, wanangu, lile geti livumilieni, na mimi nililichukia nikiwa na umri wenu.

Cheti cha kuzaliwa kinatoka RITA, wakala wa serikali wa usajili, kupitia ofisi ya wilaya. Usiyejua pa kuanzia, anza kwa mtendaji wa mtaa au afisa ustawi wa jamii, kadi ya kliniki au ya ubatizo ikipatikana ni vizuri, na kama kuna bibi au shangazi kijijini anayekumbuka ulizaliwa lini, tumtafute. Mkisumbuliwa niiteni, nitakaa na nyie kwenye foleni, kazi ya kustaafu ndio hiyo.

Jumamosi baada ya mazoezi nitakuwa pale kwenye mwembe na daftari. Njoo unitajie jina alilokupa mama yako, na kijiji kama unakikumbuka.