Kaka, Kuhusu Bajaji

Leicester, 2 Februari 2025

Kaka Shabani,

Shikamoo. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, ule wa dakika nne na ule mwingine wa kusema uliyosahau kusema. Ningekupigia, lakini kwenye simu huwa unanikatisha, halafu Mama anaomba aongee, halafu mtandao unakata kabla sijafika nilikokuwa nakwenda. Kwa hiyo nimekaa mezani naandika. Aisha atazipiga picha kurasa hizi akutumie. Mama msomee mpaka pale nitakapokwambia usimame.

Sisi hatujambo. Baridi ipo, na jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni, kama lina haraka ya kwenda kwa watu wengine. Aisha ameingia sekondari Septemba, kanipita mabega, na Kiswahili chake kimebaki cha kuombea chakula. Mwambie Mama maombi yake tunayasikia huku.

Sasa tuje kwenye bajaji unayotaka nikununulie. Shilingi milioni nne na nusu. Nimepiga hesabu, kwa bei ya leo ni zaidi ya pauni 1,400. Nauza maandazi kumi kwa pauni 5. Kwa hiyo bajaji yako ni maandazi 2,800, Kaka, na hapo sijatoa unga, mafuta, tui la kopo, gesi wala nauli ya basi. Nikitoa hayo, inabidi nikande kama elfu sita ndipo wewe upate tairi tatu, tena za bajaji iliyokwisha kutumika.

Neno maandazi nimelitaja kwa makusudi. Mwanahamisi alinirushia video ya harusi ya Rukia. Sikutafuta umbea, alirusha mwenyewe. Nilikusikia vizuri: "Mdogo wangu kavuka bahari kwenda Ulaya kuuza maandazi." Watu wakacheka, Baba Mdogo akacheka mpaka akapaliwa. Nisikudanganye, hata mimi nilicheka, maana ulilisema vizuri, unajua kusema. Ila usiku ule sikulala.

Kaka, sisi wanne tumesomeshwa na karai. Pale Barabara ya Nane, kabla ya adhana ya alfajiri, Mama ameshawasha mkaa, na wewe ndiye uliyekuwa unabeba beseni kupeleka kwa mafundi baiskeli. Viatu vyako vya kidato cha kwanza vilinunuliwa kwa sarafu zenye mafuta. Mwenye duka alizifuta kwa gazeti moja moja kabla ya kuzitia kwenye droo. Nilikuwepo, nimekushika mkono. Leo maandazi yamekuwa kichekesho cha harusini?

Nami nina kosa langu, nalikiri. Miaka yote ile nilikuwa nasema "niko kampuni", nanyi mkaniona nimekaa kwenye kiti cha kuzunguka. Nilikuwa ghalani. Nilivaa kizibao cha rangi ya chungwa kinachong'aa usiku, napanga maboksi ya nguo, zamu ya saa nane mchana hadi saa nne usiku, miaka sita. Januari 2023 tukaitwa kwenye chumba cha kulia chakula, tukaambiwa zamu yetu haipo tena. Sheria ya hapa kwa mtu wa umri wangu ni mshahara wa wiki moja kwa kila mwaka uliofanya kazi. Nikatoka na wiki sita. Na baba Aisha alikuwa ameshaondoka miezi mitatu nyuma na begi lake na televisheni. Begi nilimwelewa.

Miezi iliyofuata siisimulii. Ilipita.

Nilianza kukanda kwa kuwa nilikosa usingizi, wala biashara haikuwa kichwani. Maandazi ya kwanza, Mama akiyaona angeyafunika kwa aibu. Unajua unga wa kwetu unavyoumuka, unauacha uani saa moja tu, jua la Tanga linafanya kazi yake. Hapa niliuacha saa tatu, umelala tu kama umefiwa. Nikaongeza hamira, ukanuka hamira. Siku ya nne au ya tano nikafungua kabati la boila, ule mtambo wa kupashia maji moto, kuchukua taulo, nikahisi joto usoni, joto la kwetu kabisa, lile la kufungua mlango saa saba mchana. Nikaweka bakuli humo, nikalifunika kwa taulo la Aisha. Baada ya saa moja na nusu nilipofunua, unga umepanda mpaka umegusa taulo. Nikakaa chini palepale ukumbini nikalia, halafu nikainuka nikachoma. Hadi leo kabati lile halina taulo hata moja, taulo ziko chini ya kitanda.

Yalinishinda kula, nikampelekea jirani wa chini. Huyu Mama namweleza kila mara, wanamwita Ba, yaani bibi kwa Kigujarati, ni mzaliwa wa Jinja, Uganda. Kiswahili chake ni cha dukani, hakina ngeli, lakini kina adabu. Aliuma andazi moja, akanyamaza, akaniuliza, "Iliki wewe weka ngapi?" Akaniambia nimebania iliki. Tena kweli nilibania, pakiti ndogo ya hapa bei yake inauma.

Ba ndiye aliyenipeleka Belgrave Road kwenye maduka ya wenzake. Kaka, ungeshangaa. Muhogo wanauita mogo, karanga wanaziita jugu, na wazee wanapika kuku paka, yaani kuku wa nazi, na kulilia Kampala. Mama mmoja alimwambia mjukuu wake alete "fagio", nikageuka kama nimeitwa mimi. Sisi tunakuja hapa tunadhani tumeleta Kiswahili, kumbe kilitutangulia.

Siku moja nilimwambia Ba sina moyo wa kuanza upya, umri umeenda. Hakunipa pole. Akanisimulia yao. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 wawe wameondoka. Walitoka na sanduku na pauni 50 na kitu, wakalazwa kwenye kambi ya jeshi, na halmashauri ya mji huuhuu wa Leicester ilikuwa imetoa tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwaambia wasije, mji umejaa. Wakaja. Mumewe, aliyekuwa na duka la vitambaa Jinja, akaanza kwa kusukuma toroli kiwandani, kiwanda cha soksi. Ba anakaanga sambusa jikoni, mumewe anawauzia wafanyakazi wenzake wakati wa chai. "Mimi naona haya miezi sita," akaniambia, "halafu naona pesa." Nikacheka mpaka nikasahau nilikuwa nimekwenda kwake kulia.

Sasa hili msomee Mama kwa sauti, na Baba Mdogo akiwepo rudia.

Ukitaka kuuza chakula hapa, hata cha kupikia nyumbani, unajiandikisha halmashauri siku 28 kabla ya kuanza. Ni bure. Nikasoma kozi ya usafi wa chakula, nikafaulu. Mwenye nyumba nilimwomba ruhusa, akaitoa, sasa ananunua ishirini kila Jumamosi. Vitu 14 vinavyodhuru watu vimeorodheshwa, lazima umwambie mteja kama vimo: ngano, maziwa, mayai, ufuta, haradali, karanga na wenzake. Nilihofia nazi, maana bila tui mimi ni nani? Nikaipitia orodha mara tatu. Nazi haimo. Nikamshukuru Mungu, kisha nikamshukuru aliyeandika orodha.

Mkaguzi hatoi miadi. Alikuja Jumanne saa nne asubuhi, kijana mpole, akavaa koti jeupe mlangoni. Alifungua friji akachomeka kipimajoto. Akashika kitambaa changu cha jikoni, akakinusa, wallahi alikinusa. Akauliza nanawia mikono wapi, mayai nayaweka rafu ipi, mafuta nikishayatumia namwaga wapi. Akaomba daftari ninaloandika kila siku joto la friji na nilichosafisha. Nikampa. Akalifunua ukurasa kwa ukurasa, mimi nimesimama na mikono nyuma kama niko mbele ya Mwalimu Mkuu. Mwisho akauliza kama kuna andazi lililobaki moto. Nikamwambia yaliyobaki ni ya mteja. Akacheka, akaandika.

Alama za usafi zinaanzia 0, ya juu kabisa ni 5. Nimepata 5, Kaka. Kibandiko cha kijani na cheusi nimekibandika dirishani, Aisha amekipiga picha nimtumie Mama. Kuna hoteli za watu wazito mji huu zina 3. Na juzi Ijumaa, tarehe 31, ndiyo ilikuwa mwisho wa kupeleka hesabu za kodi za mwaka uliopita. Nilijaza mwenyewe kwenye intaneti, bila wakala. Nilipobonyeza kutuma ilikuwa saa tano usiku, na mkono wenye unga.

Ramadhani inaingia mwezi ujao, na familia 31 zimeshaagiza sambusa na maandazi ya futari. Siku za mwanzo Magharibi itakuwa kabla ya saa kumi na mbili, kwa hiyo watu watafuturu mapema na kula sana. Watu wa Mombasa walioko hapa wanabisha kwamba yangu ni mahamri, si maandazi. Nawaacha wabishe, mradi wanalipa.

Mwambie Mama barua yake imeishia hapa, umpe simu aangalie kibandiko. Yanayofuata ni yako.

Habari za tofali za Kange tulikubaliana hatutazisema, nami sizisemi. Ila nilizihesabu kwenye picha. Duka la vipuri nalo siliulizi. Najua lilivyokwisha, na najua hukula peke yako, nusu iliingia hospitali kwa Mama na hukunidai. Hilo nimeliweka moyoni, usidhani silioni. Ndiyo maana nina hasira na ile video zaidi ya ninavyokasirikia tofali. Ungekuwa mtu mbaya nisingejali unachosema harusini.

Bajaji sinunui. Mwaka huu sina, na hata ningekuwa nayo nisingenunua, kwa sababu mwaka 2021 ulisema bodaboda, kabla ya hapo ukasema kuku. Wewe si mvivu, Kaka. Unapenda kitu mpaka siku kinapoanza kuhitaji daftari.

Kwa hiyo nina shughuli nawe. Iliki ya hapa haina harufu. Inakaa kwenye pakiti kama mtu aliyekaa ugenini muda mrefu, hasemi kitu. Naitaka ya kwetu, ya Amani, ile Bibi alikuwa anaifunga kwenye ncha ya kanga. Panda gari mpaka Muheza, upande Amani, uulize kwa wakulima wenyewe kilo moja iliyokauka wanauza bei gani. Ukishuka uliza Muheza sokoni. Ukifika Tanga uliza tena. Bei tatu, ziandike, na nauli zote uandike, hata ya shilingi mia tano. Mzigo wa biashara kuingia huku una karatasi zake, hizo nitazifuatilia mimi. Usinunue chochote kwanza. Niletee bei tu. Nauli na pesa ya chakula nimeshatuma, shilingi 60,000, kwenye simu ya Mama. Sikutuma kwako, na usinune.

Bei zikikaa vizuri, tutazungumza kwa kilo na utalipwa kwa kilo. Zikikataa, tutakuwa tumejua kwa nauli ya shilingi 60,000, si kwa milioni nne na nusu.

Na kitu kimoja ambacho sikuweza kukiandika pale juu, maana Mama angeanza kulia. Kipimo cha tui. Nimejaribu miaka miwili, siku nyingine yanatoka sawasawa na yake, siku nyingine siyo, na wateja hawajui tofauti lakini mimi najua. Yeye alikuwa anapima kwa kile kikombe cha bati chenye ua jekundu. Kiko kabati la vyombo, nyuma ya birika la wageni, kama hakijahamishwa. Kijaze maji mpaka pale penye alama ya kubonyea, si mpaka juu, halafu upeleke kwa Mwanahamisi duka la dawa, akupimie kwenye kile chombo chao chenye mistari, aandike ni mililita ngapi.

Usikiweke kwenye mfuko na funguo, kitakwaruzika. Kishike mkononi.

Mdogo wako,
Zaina