Kisima cha serikali, nchi ya nani?

Ndugu Mhariri,

Nimekuwa nikizifuatilia barua za wasomaji wenzangu wanaolalamika kuwa vijana wa Uganda hawana uzalendo, kwamba wanautazama uwanja wa ndege wa Entebbe kama mlango wa kutorokea, na kwamba dawa yao ni kukaziwa wimbo wa taifa na gwaride mpaka wakolee. Nimefundisha shule za sekondari hapa Jinja kwa miaka mingi, na kwa muda nilikuwa mlezi wa klabu ya uzalendo shuleni, kwa hiyo jambo hili silijui kwa kusimuliwa. Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze kwa nini naona wenzangu wanautafuta ugonjwa mahali usipokuwepo.

Usiku wa tarehe 2 Agosti 2024 nilikuwa katika kibanda cha video hapa Walukuba, mahali ambapo siku nyingine zote mabishano huwa ni ya Arsenal na Manchester United. Mbio za mita 10,000 mjini Paris zilipofika mzunguko wa mwisho na Joshua Cheptegei akachomoka mbele, watu walipanda juu ya mabenchi, na kijana anayekaanga chapati mlangoni aliliacha kaango lake motoni akaingia ndani, asikumbuke tena chapati iliyokuwa ikiungua nyuma yake. Cheptegei alimaliza kwa dakika 26 na sekunde 43, akaweka rekodi mpya ya Olimpiki, na mwanamume mzima aliyekaa mbele yangu, fundi wa baiskeli ninayemfahamu, alikuwa akifuta machozi kwa mkono uliojaa grisi. Bingwa huyo ni Msabiny wa Kapchorwa. Katika kibanda kile walikuwemo Wasoga, Wajapadhola, Wasamia, Waganda, Waacholi na Wanubi, na sidhani kama alikuwemo hata mmoja awezaye kumsalimia kwa lugha ya kwao. Anayesema watu wale hawaipendi nchi yao, nasikitika kuwa hakuwepo.

Lakini sitaki kuishia hapo, maana hadithi ya furaha ya michezo kila mtu anayo. Wakati huo kisima cha pampu cha mtaa wetu kilikuwa kimekaa miezi minne bila mpini. Mpini ulifunguliwa usiku na kuuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na karibu kila nyumba ilikuwa na fununu ya nani aliufungua na nani aliununua. Akina mama walikuwa wakiteremka na madumu mpaka kwenye chemchemi ambayo ng'ombe nao hunywea. Kama kila nyumba ingetoa shilingi elfu mbili, mpini mpya ungepatikana kwa wiki moja. Nilipolisema jambo hili katika mkutano wa mtaa, mzee mmoja ninayemheshimu alinijibu kwa upole kabisa, kama mtu anayemkumbusha mtoto jambo lililo wazi: "Mwalimu, lakini kile ni cha serikali." Wengine wakaitikia kwa vichwa, na mkutano ukahamia kwenye habari nyingine. Katika walioitikia alikuwemo yule fundi wa baiskeli.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilisikiliza neno hili, "cha serikali", na nimegundua kuwa limejaa kila mahali: shule ya serikali, dawa za serikali, barabara ya serikali, miti ya serikali. Jirani zetu wasemao Kiganda nao wana usemi wao wa namna hiyo hiyo, kuwa vitu hivyo ni vya gavumenti. Tunalitamka neno hili kama vile serikali ni mtu fulani tajiri anayeishi mbali, aliyesahau mali yake barabarani, ambaye akiibiwa hatuna hasara na akileta tunamshukuru. Kwa maoni yangu, hapa ndipo uzalendo wetu unapovujia. Mapenzi tunayo tele. Kilichokosekana ni mtu kujiona mwenye mali.

Wala hatukuzaliwa hivi. Walukuba yenyewe ni mtaa uliojengwa zama za ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda vya Jinja, na baba yangu, aliyetoka Tororo kuja kufanya kazi katika kiwanda cha nguo, alijua vizuri kuwa nyumba aliyolala haikuwa yake, barabara haikuwa yake, na umeme wa bwawa lililofunguliwa mwaka 1954 ulikuwa wa viwanda kabla ya kuwa wake. Bendera ilibadilishwa tarehe 9 Oktoba 1962, lakini mtoza kodi hakubadilika. Nakumbuka kodi ya kichwa, na wanaume waliokuwa wakikimbilia kwenye mafunjo alfajiri wakisikia mlio wa askari wa kaunti. Kodi hiyo iliondolewa mwaka 2005 tu. Baadaye tukazijua siku za miaka ya 1980 ambazo sisi wasemaji wa Kiswahili hatupendi kuzikumbuka, kwa sababu amri ya askari iliyowapakia raia kwenye malori ilitolewa kwa lugha yetu: panda gari. Mpaka leo wapo wazee ambao, ukiwaongelesha Kiswahili ghafla, wanashtuka kwanza ndipo wakujibu. Mtu aliyeijua dola kwa njia ya kukimbizwa hawezi kuitazama pampu yake na kuiita yangu, na sisi walimu tulikosea tulipodhani kuwa beti tatu za wimbo zingemponya.

Wapo pia wanaosema kuwa zamani uzalendo ulikuwepo, na mara nyingi huutaja mwaka 1972. Mwaka huo nami naukumbuka. Tarehe 2 Septemba, John Akii-Bua alishinda mbio za mita 400 kuruka viunzi mjini Munich kwa sekunde 47.82, rekodi ya dunia, na Uganda ikapata dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki. Lakini siku hiyo hiyo hapa nchini zilikuwa zikihesabiwa zile siku 90 ambazo Idi Amin aliwapa Waasia waondoke, wakiwemo waliokuwa na uraia wa Uganda kihalali, na jambo hilo nalo lilipigiwa ngoma kama mapenzi ya nchi. Hapa Jinja tuliyaona maduka yakifungwa, kisha yakifunguliwa na watu wasiojua bei ya kitu chochote kilichokuwamo, na baada ya miaka michache viwanda vilivyomleta baba yangu mjini vikawa makazi ya popo. Akii-Bua naye, mtu wa kabila la Walango ambao waliuawa kwa wingi jeshini, alikimbilia Kenya mwaka 1979 akawa mkimbizi. Mtu aliyeipandisha bendera yetu juu kuliko mwingine yeyote wa wakati wake alilala kambini ugenini. Ndiyo maana nikisikia kelele kubwa za uzalendo huwa nauliza kwanza ni jirani gani atakayeumia.

(Msomaji atakuwa ameona kuwa naandika "vijana wa Uganda" mahali ambapo wenzetu wa Kenya na Tanzania wangeandika "Waganda". Nafanya hivyo makusudi, kwa kuwa hapa kwetu Waganda ni kabila moja katika yale 65 yaliyoorodheshwa na Katiba baada ya marekebisho ya mwaka 2005, na neno moja likibeba watu wawili, mmoja hukosa pa kukaa.)

Nirudi shuleni. Nilipokuwa mlezi wa klabu, niliwapa wanafunzi wa kidato cha pili zoezi la kuandika ukurasa mmoja juu ya mzalendo wanayemjua. Wengi waliandika juu ya wanajeshi, wanariadha na rais, kama nilivyotarajia. Msichana mmoja aliandika juu ya mama yake anayeuza nyanya sokoni. Aliandika kuwa mama huyo hulipa ushuru wa soko kila asubuhi bila kukwepa, na kila asubuhi hudai risiti, na mkusanya ushuru akisema kitabu kimeisha, mama husimama pale pale, nyanya zake zikingoja, mpaka kitabu kipatikane. Mama huyo alikuwa ameweka risiti zake zote kwenye kopo la maziwa, na siku wachuuzi walipokwenda kuulizia choo cha soko kilichokuwa kimefungwa, lile kopo ndilo lililowekwa mezani. Nilimpa msichana alama zote. Mpaka sasa sijapata maelezo ya uzalendo yaliyonitosheleza kuliko yale, na nimesoma mengi. Mtu anadai risiti kwa sababu anajua kuwa fedha ile, hata ikishatoka mkononi mwake, bado ni yake.

Kuna ushahidi mkubwa zaidi ya kopo la risiti, nao unalihusu gazeti kama hili. Katika miaka ya 1990 ulifanyika hapa nchini utafiti uliozifikia shule 250 za msingi, ukafuatilia fedha za matumizi ambazo serikali kuu ilisema imezituma kwa ajili ya wanafunzi. Iligundulika kuwa kati ya mwaka 1991 na 1995, katika kila shilingi 100 zilizotumwa, shule zilipata kwa wastani shilingi 13 tu, na shule nyingi hazikupata hata senti. Hakuna aliyepiga kelele, kwa kuwa wazazi na hata walimu wakuu wengi hawakujua kuwa fedha hizo zipo. Kisha serikali ikaanza kuchapisha magazetini kiasi kilichopelekwa katika kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika ukutani kiasi zilichopokea. Ilipofika mwaka 2001, zaidi ya shilingi 80 katika kila 100 zilikuwa zikifika shuleni. Yako mambo mengine yaliyochangia, sikatai, lakini niliyaona kwa macho yangu yale makaratasi yaliyobandikwa na wazazi waliosimama mbele yake wakisoma kwa kidole. Watu wale hawakuwa wamehudhuria somo lolote la uzalendo. Walikuwa wameonyeshwa kilicho chao.

Kuhusu vijana wanaokwenda kyeyo, kufanya kazi za ndani na za ulinzi Uarabuni, sina maneno mengi. Binti wa jirani yangu amekaa miaka mitano huko, ndugu zake watatu wanasoma kwa jasho lake, na kila mwezi huuliza kwa simu kama mvua imenyesha. Kumwita msaliti ni dhuluma.

Ibara ya 17 ya Katiba inamtaka kila raia aheshimu wimbo wa taifa, bendera na ngao ya taifa, na ibara hiyo hiyo inamtaka ailinde na kuitunza mali ya umma, alipe kodi, na aheshimu haki za wenzake. Shuleni tumeufundisha mstari wa kwanza kwa bidii kubwa, hii mingine tukaiacha. Siipingi klabu ya uzalendo wala siidharau bendera. Kila nikiiona ikipandishwa asubuhi ya tarehe 9 Oktoba moyo wangu hujaa. Ninachoomba ni kuwa mtoto anayefundishwa kusimama wima mbele ya bendera afundishwe pia kusoma bajeti ya kata yake, aambiwe daraja la kwao liligharimu kiasi gani, na asionekane mkaidi akiuliza fedha ziliishia wapi. Katika miaka yangu ya kufundisha, mwanafunzi aliyeuliza swali la namna hiyo mara nyingi ndiye aliyeitwa ofisini.

Kwa sababu hiyo, Mhariri, nina ombi kwa gazeti lako. Kila robo mwaka serikali kuu hupeleka fedha katika wilaya na majiji kwa ajili ya shule, zahanati na barabara. Katiba yetu imekitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili tangu mwaka 2005, na mwaka 2022 baraza la mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule zote, lakini tarakimu hizi hutolewa kwa Kiingereza, lugha ambayo muuza nyanya na fundi wa baiskeli hawaisomi. Tafadhali tengeni ukurasa mmoja kila robo mwaka mzichapishe kwa Kiswahili chepesi, wilaya kwa wilaya, ili mtu wa Busia, wa Kasese au wa Bombo azisome bila mkalimani. Upande wa Jinja, niko tayari kuzikusanya na kuzitafsiri mwenyewe bila malipo, na kuzileta ofisini kwenu kabla ya siku ya kuchapa.

Kisima chetu kilipata mpini mwaka uliopita, baada ya akina mama kuacha kungoja wakachanga wenyewe. Karatasi ya michango na matumizi imebandikwa katika duka lililo karibu, na naiambatanisha nakala yake ili mwone jinsi walivyoiandika. Juu kabisa wameandika kwa kalamu nyekundu: Kisima chetu.

Wako mtiifu,
Mwalimu mstaafu,
Walukuba, Jinja.