Tumbo na kichwa vinaongea, tusitibu upande mmoja

Ndugu Mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi nichangie huu mjadala wa vidonda vya tumbo unaoendelea kwa wasomaji wenzangu, huyu anasema vinaletwa na mawazo, yule anasema mawazo hayahusiki kabisa ni bakteria tu. Mimi nauza duka la dawa huku Igoma, Mwanza, na watu wa tumbo ndio wateja wangu wakubwa, kwahiyo hili jambo nakutana nalo kila siku na kwa kweli linaniuma.

Kwenye bakteria hamna ubishi. Mwaka 1982 kule Perth, Australia, Barry Marshall na Robin Warren walifanikiwa kumuotesha maabara mdudu anaitwa Helicobacter pylori, 1984 Marshall akamnywa mwenyewe tumbo likawaka kweli, 2005 wakapewa tuzo ya Nobel. Kidonda halisi mara nyingi ni kazi ya huyo mdudu, au ni dawa za maumivu. Na hapa kwenye dawa za maumivu naomba tusikilizane jamani. Wabeba mizigo wa mwaloni Kirumba, vijana wa bodaboda, akina mama wanaoinamia dagaa juani kutwa nzima, wanameza diklofenaki asubuhi tumbo tupu ili mgongo uachie waende kazini, inaenda hivyo miezi na miezi, tumbo likianza kuunguza mtu anaambiwa wewe una mawazo sana punguza mawazo. Sio mawazo hayo, ni diklofenaki!

Ila sasa wanaosema kichwa hakihusiki nao wamekosea pakubwa. Kuna mshipa wa fahamu unaitwa vegasi, unatokea chini ya ubongo unapita shingoni, kifuani, mpaka tumboni, na nyuzi zake nyingi hazishushi amri, zinapandisha taarifa kutoka tumboni kwenda juu. Utumbo wenyewe una seli za fahamu zaidi ya milioni 100. Ile serotonini ambayo watu wanaisikia kwenye habari za sonona, kama asilimia 90 ya iliyopo mwilini inatengenezwa utumboni, na ingawa hiyo haivuki ikaingia kwenye ubongo inafanya kazi huko huko na kuigusa mishipa ya fahamu. Ndio maana mtihani wa form four ukikaribia wanafunzi wanakuja dukani kuomba dawa ya kuharisha na hawajala kitu kibaya, ni hofu, mwili ukiogopa unamwaga homoni, tumbo linachelewa kushusha chakula huku utumbo mpana unakimbia. Mwanafunzi wa hivyo hatakiwi kupewa flajili ya kuua wadudu. Anatakiwa alale, ale, na mtu mzima akae naye amsikilize.

Kinachonisumbua zaidi ni kingine. Mtu anaumwa tumbo muda mrefu, linajaa gesi, leo kaharisha kesho hapati choo, amepimwa choo hamna minyoo, amepimwa yule mdudu hayupo, kamera imepita haijaona kidonda. Daktari anamuandikia amitriptilini dozi ndogo usiku. Anafika kwangu, anauliza hii ni ya nini, au anasoma karatasi ndani ya boksi anakuta imeandikwa ni dawa ya sonona, basi anawaka, "kwahiyo daktari kaniona mimi kichaa?" Anairudisha, anaomba omeprazo nyingine ya kupunguza asidi na dozi ya antibayotiki juu yake. Mhariri, hiyo amitriptilini kwa dozi ndogo inatuliza mishipa ya fahamu ya tumboni iliyozidi kuhisi maumivu, ni tiba ya siku nyingi na inajulikana. Maumivu yake ni ya kweli kabisa, hajayatunga. Mimi namlaumu zaidi aliyempa cheti bila kumueleza hata kwa dakika mbili, maana mgonjwa akielezwa vizuri anaelewa, nimeshaona wakielewa.

Na hizo antibayotiki tunazomeza bila vipimo zinaua na wadudu wazuri wa utumboni ambao tunawahitaji. Mwaka 2004 watafiti wa Japani wakiongozwa na Nobuyuki Sudo walionyesha kwamba panya waliolelewa bila bakteria yoyote tumboni homoni zao za msongo zilipanda kupita kiasi walipofungiwa mahali finyu wasiweze kusogea, na wakipewa bakteria fulani wazuri hali ilirekebika. Ni panya, sisemi ni binadamu, na kwasababu hiyo siwashauri watu watoe hela kwa hizi poda za probaiotiki, yaani za bakteria wazuri, za kuuziana mkono kwa mkono zinazoahidi kuondoa sonona. Anayetumia dawa za sonona asiziache kwa ajili ya poda. Chakula kipo hapa hapa. Wahadza wa Ziwa Eyasi, wanaoishi kwa kuwinda na kuokota chakula porini, wamepimwa na wakakutwa na aina nyingi za bakteria utumboni kuliko watu wa mijini Ulaya, wanakula mizizi, matunda pori, ubuyu, nyuzinyuzi nyingi sana. Sisi wa huku tuna matobolwa, michembe, nsansa, mlenda, maharage, maziwa mgando, vyakula vya bibi zetu ambavyo siku hizi kijana wa mjini anaona aibu kuvila anakula chipsi asubuhi na jioni.

Tahadhari moja kwa sisi wa ziwani. Mtu akitapika damu, au choo kikiwa cheusi kama lami, au akikonda bila sababu, asije dukani kwangu wala asiambiwe ana mawazo, akimbizwe hospitali. Huku kanda ya ziwa kichocho cha utumbo kikikaa miaka kinaharibu ini, mishipa ya damu kwenye koo la chakula inavimba ikapasuka, na wengi walikuwa wanajitibu vidonda vya tumbo kumbe ni kichocho cha ziwa letu.

Ombi langu Mhariri ni hili. Ukurasa wenu wa afya mtafuteni daktari wa tumbo na daktari wa akili, hospitali ya Bugando wapo wote, waandike pamoja, sio huyu wiki hii na yule mwezi ujao. Waeleze mgonjwa wa tumbo aseme nini akifika zahanati, amekuwa akilala vipi, nyumbani kuna msiba au deni, dawa gani za maumivu anameza na tangu lini, na mgonjwa wa mawazo naye aulizwe tumbo lake linaendaje. Mkiichapa nitaibandika ukutani dukani, na wenzangu wa Nyakato na Buhongwa nitawapelekea kopi.

Muuza dawa,
Igoma, Mwanza